Kumtoka mume mkali kisiwani: niliyoyapanga kabla ya kupanda boti

Mwanamke anayepigwa na mumewe katika kisiwa cha Lamu ana shida moja ambayo mwenzake wa Mombasa au Nairobi hanayo kwa kiasi hicho. Yule wa mji mkubwa akifungua mlango anaingia barabarani na kupotea katika watu. Huku kwetu hakuna matatu ya kusimamisha usiku, vichochoro vinashuka baharini, na anayetaka kutoka hana budi kupita gatini, mbele ya manahodha na mahamali wanaomjua yeye, baba yake na mumewe. Mume wangu alikuwa mtu wa boti, na wengi wa wale waliokaa gatini wakingojea abiria wa Mokowe, gati la upande wa bara, walikuwa rafiki zake. Ujasiri peke yake ungenifikisha pale na kunirudisha nyumbani kabla ya adhuhuri. Kilichonitoa mimi na wanangu ni hesabu iliyofanywa polepole, wakati nyumba imetulia, na kwa siri.

Sitasimulia kila kipigo, kwa kuwa anayepigwa hahitaji kuelezwa kipigo ni nini. Mwanzo kulikuwa na maswali tu: nimezungumza na nani, mbona nimechelewa kutoka harusini, kwa nini dada yangu anakuja sana. Kisha simu yangu ikawa yake, fedha za matumizi zikawa za kupimiwa kila asubuhi, na mkono ukaanza. Baadaye, usiku mmoja, alinikaba koo mpaka nikaona giza. Asubuhi yake aliniletea samaki mzuri na kuniomba radhi huku akilia, nami nilimsamehe kwa moyo mmoja kwa sababu nilimpenda. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mkono uliofika kooni si sawa na kofi, hata kama haukuacha alama. Wataalamu huhesabu kukabwa koo kuwa miongoni mwa dalili kubwa kabisa za kwamba mke anaweza kuja kuuawa, na aliyekabwa anapaswa kupimwa na daktari hata akijiona mzima, maana uvimbe wa koo na madhara ya ubongo huweza kujitokeza saa nyingi baada ya tendo lenyewe.

Kwetu mambo ya ndoa hupelekwa kwanza kwa wazee, na sina ugomvi na desturi hiyo. Qur'ani yenyewe inaelekeza wapatanishi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Ami yangu na mjomba wa mume wangu walikaa nasi dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, wakanena kwa hekima, naye akaapa kwamba hatarudia. Shangazi alinishika mkono akaniambia, “Stahamili, mwanangu, ndoa ni stara.” Alisema kwa mapenzi, na bado nampenda. Lakini yale niliyoyatoa mbele ya wazee nililipizwa tulipofika nyumbani, na kwa kuwa nilikuwa nimetamka mbele yake kwamba akirudia nitaondoka, tangu jioni ile kitambulisho changu kilihamia ndani ya kasha lake lenye kufuli. Kwa maoni yangu, suluhu ya wazee inafaa pale wawili wanapogombana na wote wana sauti. Pale ambapo mmoja anamwogopa mwenzake, kikao humpa mwenye nguvu habari zote za mnyonge wake. Aliyefikia hali ya kuogopea maisha yake asitangaze nia ya kuondoka, kwa hasira wala kwa kutisha, na asimwambie hata mtu anayempenda ikiwa mtu huyo hawezi kukaa na siri.

Mtu aliyenisaidia kupanga sikuwahi kumwona uso. Nilipiga namba 1195, ambayo ni ya taifa kwa ajili ya dhuluma za kijinsia. Haitozi senti na hupokelewa usiku na mchana. Nilipiga kwa simu ya jirani, nikiwa nyumbani kwake, nikitarajia kuambiwa niondoke mara moja. Mama aliyepokea hakuniambia hivyo. Aliniuliza kama vipigo vinazidi kuwa vikali, kama amewahi kunikaba, kama ana silaha, kama ametishia kuniua au kujiua, kama alinipiga nikiwa mjamzito, na kama hunifuata ninapokwenda. Nilipojibu “ndiyo” mara kwa mara nilisikia sauti yangu mwenyewe ikipungua. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kamwe, kwamba hatari haikomi mwanamke anapoondoka, bali mara nyingi huwa kubwa kuliko wakati wowote siku ile ya kuondoka na majuma yanayoifuata, kwa sababu mume anaona mamlaka yake yamemponyoka. Kwa hiyo tuligawa mpango sehemu mbili: namna ya kulinda uhai nikiwa bado ndani ya nyumba, na namna ya kutoka.

Ile sehemu ya kwanza watu wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo iliyonifikisha hai kwenye ile ya pili. Jiko letu, kama la nyumba nyingi za kale za mawe, lilikuwa juu darini ili moshi upate njia, na ngazi ya kulifikia ilikuwa moja tu, nyembamba, yenye vidato virefu. Mtu akigombezwa kule yuko baina ya visu, mafuta ya moto na ukuta mfupi wa dari. Nilianza kupika mapema, kabla hajarudi, na kila nilipoisikia sauti yake ikibadilika nilishuka kiwandani, yaani uani, karibu na mlango wa nje, nikijitia kufagia au kukusanya nguo. Nilijizoeza kutoingia chooni wala chumba kisicho na njia ya pili anapokuwa na hasira. Ufunguo wa akiba wa mlango mkubwa ulikaa kwa jirani.

Na jirani huyo tulikuwa na ishara. Watoto wangu walifundishwa kwamba nikiwaambia, “Nendeni mkaniazimie mbuzi ya kukunia nazi,” waende wote wawili, wasirudi, na wampe maneno hayo hayo. Jirani alijua fika kwamba nina mbuzi yangu, tena mbili. Akisikia ombi lile alikuwa anawafungia watoto ndani, anamwita mwanawe mkubwa, na mwanawe anakuja kubisha hodi kwa nguvu akimwulizia mume wangu habari ya boti, huku yeye mwenyewe akishika simu kuwapigia polisi kwa 999 iwapo hodi haitoshi. Hodi ya mwanamume mwenzake ilikuwa inamzima mara nyingi kuliko vilio vyangu vyote. Watoto niliwaambia pia, kwa maneno ya umri wao, kwamba si kazi yao kuingilia kati wala kunikinga, na kwamba wao hawakusababisha lolote. Mkubwa nilimkaririsha namba ya dada yangu mpaka akawa anaitaja usingizini.

Fedha nilizipata kwa sindano. Wanawake wengi wa Lamu hushona kofia kwa mkono, nami nilikuwa nikishona tangu usichana. Mama aliyekuwa akininunulia kofia alikubali kunilipa sehemu ya bei mkononi, ile ambayo mume wangu aliijua, na nyingine akaniwekea. Hakuniuliza sababu, na nadhani aliijua. Bangili mbili za dhahabu za mamangu nazo zilikwenda kwake, moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu, na badala yake nilivaa za kuigiza zinazofanana. Anayesoma haya asidharau fedha ndogo. Nauli ya boti, nauli ya basi kwa watu watatu, chakula cha njiani, kodi ya mwezi wa kwanza na godoro ni vitu vinavyokuja kwa wakati mmoja, na mwanamke asiye na nauli ya kusogea hurudi kwa mumewe hata kama ameponea chupuchupu.

Simu ilitaka uangalifu kuliko nilivyodhani. Ile niliyokuwa nayo alininunulia yeye na kuifungulia akaunti yeye, kwa hiyo aliweza kuona mahali ilipo, na WhatsApp yangu ilikuwa imeunganishwa na kifaa chake. Ukifungua mipangilio ya programu hiyo utaona orodha ya vifaa vilivyounganishwa, lakini nilishauriwa nisimwondoe ghafla, kwa kuwa angejua kwamba nimezinduka. Nikaiacha kama ilivyo, nikaitumia kwa salamu na mapishi tu, na mipango yote ikapita katika simu ndogo ya vitufe iliyokaa nyumbani kwa jirani ndani ya mtungi wa mchele. Laini mpya ilikuwa na M-Pesa yenye namba ya siri ambayo haikufanana na mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumbani.

Kitambulisho nacho kina uzito wa pekee kwa mtu wa Lamu. Barabara ya kutoka Mokowe kupitia Witu hadi Garsen ina vizuizi vya usalama, na abiria huteremshwa kwenye basi na kuonyesha kitambulisho mmoja mmoja. Asiyekuwa nacho huulizwa maswali, huwekwa kando, na jina lake husikika na watu wote. Ulipokuja usajili wa bima mpya ya afya ya SHA nilimwomba mume wangu kitambulisho ili niandikishwe pamoja na watoto, nilipomaliza nikakiweka mahali pangu, naye hakukikumbuka. Ambaye mumewe hatoi kwa njia yoyote na aanze mapema kuomba kingine, maana ombi hilo huchukua muda. Pamoja nacho nilitoa nyumbani, kimoja kimoja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi zao za kliniki, cheti cha ndoa na ripoti za shule. Kila kilichotoka nilikipiga picha kwa simu ya jirani, nikamtumia dada yangu, kisha nikafuta.

Katika karatasi zile zilikuwamo za hospitali, na hapo naomba msomaji anisikilize vizuri. Ngazi za nyumba zetu ni kisingizio kilicho tayari, kila mtu anakiamini. Karatasi zangu za miaka ya mwanzo zimeandikwa kwamba nilianguka ngazini, na miaka baadaye wakili wa mume wangu alizisoma kwa sauti mbele ya kadhi. Karatasi iliyoandikwa ukweli ni ushahidi usiozeeka. Basi daktari akiuliza, jibu liwe kama lilivyo: nimepigwa na mume wangu, kwa kitu fulani, saa fulani. Matibabu hayangoji ripoti ya polisi. Ukishatibiwa, au kabla yake ukiweza, nenda kituoni, kwenye dawati la jinsia, utoe taarifa, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Fom ya P3 hutolewa kituoni bila malipo, na daktari huijaza kueleza majeraha. Kwa aliyeingiliwa kwa nguvu, hata na mumewe, saa ni kitu cha kuhesabiwa: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ndivyo bora zaidi. Picha za majeraha nilizipiga moja ya karibu na nyingine inayoonyesha uso wangu, kisha siku mbili tatu baadaye nikapiga tena, kwa maana rangi zetu huficha michubuko ya mwanzo na alama hutokeza zikishakomaa.

Siku ya kutoka niliichagua kwa Maulidi. Mwisho wa Mfungo Sita mji wetu hujaa wageni kutoka pwani nzima, na wanapoanza kurudi kwao gati hufurika mikoba, watoto wanaolia na wanawake wa buibui wasiojulikana na mtu. Kwa siku chache hizo peke yake mwanamke mwenye begi na watoto wawili si ajabu. Vilevile watu wa boti huwa wamekodiwa wote, na mume wangu alikuwa ameahidi kuwarudisha wageni wa Siyu, kule kisiwa cha Pate. Anayeijua bahari ya kwetu anajua maana yake: Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, una kina kidogo, na aliyevuka na maji yaliyojaa hungojea yajae tena ndipo arudi. Niliijua ratiba ya maji ya juma lile kuliko yeye.

Tiketi za basi alikata mwana wa jirani. Nilivaa buibui ambalo mume wangu hajapata kuliona, na nikabu, na viatu vya kuazima, kwa sababu Lamu mwanamke hutambuliwa kwa mwendo na viatu kabla ya uso. Watoto walitembea mbele na jirani kama wajukuu wa wageni, nami nikafuata nyuma, na hawakuambiwa safari ni ya nini mpaka tulipokuwa ndani ya basi. Simu kubwa niliiacha chumbani ikichajiwa, ili yeyote atakayeitafuta aione nyumbani. Sikuandika barua. Katika boti alikaa mbele yangu kijana niliyemlisha mara nyingi nyumbani kwangu, tukatazamana, yeye na macho yangu tu, mpaka Mokowe. Sijui kama alinijua.

Hatukwenda kwa ndugu zangu wa Malindi, ingawa roho yangu yote ilikuwa huko, kwa kuwa mlango wa ndugu ndio wa kwanza kubishwa. Tulikwenda Mombasa, kwenye makao salama niliyounganishwa nayo na wale wa 1195, na mahali pake sitapataja. Asubuhi ya pili nilitoa taarifa kituo cha polisi cha karibu kwamba nimeondoka kwa hiari yangu kwa kuhofia maisha yangu, kwamba watoto wako nami na ni wazima, nikapewa namba ya OB. Jambo hilo dogo liliniokoa. Picha yangu na ya watoto ilikwisha kuanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na maneno “wamepotea, anayewaona apige namba hii”, na watu wema kabisa walikuwa wakiisambaza. Mume wangu alipokwenda kushtaki kwamba nimeiba watoto, taarifa yangu ilikuwa imetangulia. Ninawasihi wasomaji wasisambaze tangazo la mke aliyepotea linalotoa namba ya mume. Anayemwona na awaarifu polisi.

Majuma yale ya kwanza yalikuwa magumu kwa namna ambayo hakuna aliyenitayarisha. Nilikuwa salama na nilikuwa namlilia. Nilikumbuka sauti yake akisoma kasida, nikasahau mkono wake. Mwanangu mdogo aliuliza kila magharibi kama baba ameshatia nanga. Mshauri wa makao alinieleza kwamba wengi huondoka na kurudi mara kadhaa kabla ya kuondoka moja kwa moja, na kwamba anayerudi hastahili kubezwa, kwa sababu atahitaji mlango ule ule siku nyingine. Kwa hiyo ewe ndugu au jirani wa mtu kama mimi, usimwambie “ukirudi usinijie tena”.

Sheria ilinisaidia kuliko nilivyoambiwa mtaani. Kenya ina sheria ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani tangu 2015, nayo haihesabu vipigo tu: imetaja dhuluma ya kiuchumi, vitisho, kufuatwafuatwa, kuingiliwa kwa nguvu ndani ya ndoa, hata kuingiliwa maisha na wakwe. Haichagui mwanamume wala mwanamke, na inawahusu pia walioachana. Unaiomba mahakama amri ya ulinzi, na hali ikiwa ya hatari hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla upande wa pili haujasikilizwa. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake chenye ofisi Mombasa, huwasaidia wasio na uwezo. Amri ikitoka, nakala yake isikae sandukuni: yangu iko kituoni, shuleni kwa watoto, na ndani ya simu.

Ndoa yenyewe ilikwenda kwa kadhi, na hapo wanawake wengi hupoteza haki yao kwa uchovu. Niliambiwa na jamaa, kwa nia njema, niombe khului, nirudishe mahari, yaishe. Lakini anayethibitisha madhara anaweza kuomba faskhi, ndoa ikavunjwa na kadhi bila kununua uhuru wake. Namba za OB, P3 na ushahidi wa jirani ndivyo vilivyoamua. Kadhi alinisikiliza hadi mwisho, akanitajia kanuni ya fiqhi ya kutodhuru wala kudhuriana, na aliposema, “Mwanangu, huna deni la mtu,” nilishindwa kuitikia.

Mambo ya watoto yalisikizwa katika mahakama ya watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, ambayo hutanguliza maslahi ya mtoto. Sikutaka kuwakatia baba yao, na yeye hakuwahi kuwapiga. Rasimu ya kwanza ya makubaliano iliandikwa kwamba baba “atawaona watoto mara kwa mara”, na wakili wangu aliikataa, kwa sababu maneno hayo yanampa mtu ruhusa ya kuja mlangoni siku yoyote akiuliza mnakaa wapi. Tuliomba iandikwe siku, saa, mahali na mtu wa tatu. Sasa watoto hupelekwa na dada yangu kwenye ofisi ya afisa wa watoto, baba yao huingia baada ya dada kuondoka, nami siku hiyo sikai karibu na mtaa ule. Mwenye kesi kama hii na asome kila sentensi ya amri kabla ya kutia saini, na akiona neno lolote lisilotaja saa wala mahali, aombe liandikwe upya.